Wapenda Kamera Wakutanapo Pemba

Wapenda picha hawahitaji lugha moja ili waelewane; mmoja akimwona mwenzake ameinua kamera, mara huulizana habari za mwanga na lenzi. Wageni wa namna hiyo huvuka bahari hadi Pemba, wakakutana penye mchezo wa ng'ombe, kama ule wa Kengeja, kusini mwa kisiwa. Mchezo huu, unaonasibishwa na Wareno waliofika pwani yetu karne ya 16, haumwui ng'ombe. Zumari hulia, kina mama huimba, kijana humchezea fahali kwa kitambaa. Vumbi likitimka, kamera zote huelekezwa huko.

Lakini picha hizo huenda wapi? Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Aliyepigwa picha pale aliichukua, akaitundika kwake ukutani. Kijana wa Kengeja hubaki na jasho lake, sura yake ikisafiri Ulaya.

Nilimkuta mgeni mmoja aliyerudi na bahasha ya picha za safari iliyopita, akiwatafuta wenyewe. Mzee mmoja alivaa miwani, akaitazama yake kwa kitambo, kisha akataka kujua ya ng'ombe wake iko wapi.