Kisii Hadi Nyamira: Kompyuta Inapokosa Sauti

Ukishuka matatu mjini Kisii siku ya soko la Daraja Mbili, hutahitaji macho kujua uliko. Makanga wanaita abiria wa Keroka na Nyamira, ndizi mbivu zinanukia, na ukipapasa kinyago cha jiwe la Tabaka utajua mara moja kama ni kiboko au tembo. Sasa ingia katika saiba yoyote iliyo karibu, ufumbe macho. Mkono utagusa kioo kitupu.

Hapo ndipo asiyeona hukwama. Kompyuta za zamani zilikuwa za maandishi matupu, na programu ya JAWS, iliyoanzishwa Marekani na Ted Henter mwaka 1989, iliyasoma kwa sauti. Kisha zikaja Windows na vijipicha vya kubonyezwa kwa mausi. Asiyeona atajuaje mausi imekimbilia wapi? JAWS ya Windows ilitoka 1995, lakini ni ya kununuliwa, tena kwa bei ghali.

Afueni ilitoka Australia mwaka 2006, Michael Curran, ambaye ni kipofu, alipoanza kuunda NVDA. Hiyo hutolewa bure na hubebeka kwenye flashi. Hata pasipo flashi, ukiikuta saibani Windows 10 au 11, bonyeza Control, Windows na Enter kwa pamoja. Itaanza kunena, mradi spika zipo! Baada ya hapo kitufe cha Tab humtembeza mtu hatua kwa hatua.

Lakini ole wake akikutana na kijipicha ambacho mtengenezaji hakukipa jina. Atasikia tu "kitufe", kisha tena "kitufe". Kipi ni cha kutuma, kipi cha kufuta? Basi humwita mhudumu amjazie fomu ya kodi au ya kazi, na kumnong'onezea neno lake la siri huku foleni nzima ikisikiliza. Hiyo si siri tena.

Ukipanda sasa kuelekea Nyamira, kwenye vilima vya majani chai, utakutana na jambo jingine. Sauti ya eSpeak iliyomo ndani ya NVDA inajua Kiswahili, Ekegusii haimo. Lugha hiyo ina irabu saba zinazoandikwa kwa herufi tano, na kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana. Mama akimwandikia mwanawe barua kwa Ekegusii, kompyuta huisoma kwa matamshi ya Kiswahili, na mwana hubaki akibahatisha mama alikusudia nini.