Tufani Kisiwani Mafia

Kisiwa cha Mafia chaelekeana na milango ya mto Rufiji. Wengi wa watu wake ni wavuvi na wakulima wa minazi. Zamani, tarehe 15 Aprili 1872, tufani iliipiga Unguja, ikabomoa nyumba na kung'oa mikarafuu. Basi, Mei 2024, zilipotufikia habari za Tufani Hidaya, hatukuzidharau.

Ndugu mmoja wa kanisa letu alikuwa na fedha ya sare ya mtoto tu. Akataka kununua bati, mkewe akasema, "Baba, tuanze na tulivyo navyo." Wakasokota kamba za makumbi, wakalifunga paa la makuti. Wakakata matawi yaliyoinamia nyumba, wakapandisha ngalawa, wakajaza mitungi maji, wakachemsha mihogo. Fedha kidogo wakanunua unga, iliyosalia wakaiweka. Jioni jirani Mwislamu akawakaribisha katika nyumba yake ya mawe.

Tarehe 4 upepo ukafika. Makuti yalipeperuka, watu wote walikuwa wazima.

Wazazi, kujitayarisha si kukosa imani. Tena wafundisheni watoto: upepo wa tufani ukinyamaza ghafula, msitoke upesi, maana huweza kurudi kwa upande wa pili.