Ndege ya Kivita Mezani

Huku Kericho tunakosomesha, akina mama wametuuliza: je, yafaa mtoto kuunda na kupaka rangi mfano wa plastiki wa ndege ya kivita? Swali hilo limo nyumbani mwetu pia. Kijana wetu anaunda F-5, ndege iliyoingia katika Jeshi la Anga la Kenya mwaka 1978. Mfano wake umepunguzwa mara 32, na urefu wapata sentimita 45.

Upande wa sheria hatuoni uzito. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alimwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho. Chombo hiki hakina roho.

Faida nayo ipo. Mvua za alasiri huleta unyevu, rangi ikachelewa kukauka. Basi kijana hupaka asubuhi, madirisha wazi kwa sababu ya harufu ya gundi, tabaka jembamba juu ya jingine, kila moja akilingojea likauke. Hivyo ajifunza subira.

Uzito uko kwenye mabomu. Mama yake ataka yasibandikwe. Sisi twaona yabandikwe, ila kijana aelezwe kwanza kwamba mwaka 2011 ndege za aina hii zilivuka mpaka kushambulia Somalia, na kwamba bomu likikosea shabaha huangukia watoto kama yeye. Mama hajaridhika. Mabomu yangali kisandukuni, na hatutayatoa kabla hatujakubaliana naye.