Mpaka afe ndipo tuandike?

 Nipo Ifakara kwa miezi kadhaa sasa, nafuatilia habari za mpunga na za wakulima na wafugaji bonde la Kilombero. Leo lakini sitaki kuandika habari za mpunga. Nataka tuzungumze kuhusu tanzia.

Ukiwa ripota kijana, tanzia ni mojawapo ya kazi utakazopewa mapema. Msanii akifa, mhariri anapiga simu: maneno mia tatu, picha moja, kabla ya saa kumi jioni. Nimeandika za kutosha kujua kwamba karibu zote zinafanana. Sentensi ya kwanza ni kifo. Ya pili ni hospitali au barabara. Ya tatu ni msemaji wa familia. Halafu linakuja lile "pengo lisilozibika", kisha ratiba ya mazishi. Kazi ya marehemu, ile iliyotufanya tumwandike, inapewa mistari miwili mwishoni. Nafasi ikiwa finyu, mistari hiyo ndiyo inayokatwa kwanza.

Matokeo yake nimeyaona huku. Jioni moja nilikaa kijiweni pale Kibaoni, simu ya jamaa mmoja ikawa inapiga wimbo wa Mbaraka Mwinshehe. Nikauliza tu, kwa udadisi wangu wa kazi: huyu bwana mnamjua? Kila mtu akacheka. Nani asiyemjua Mbaraka? Mtu wa mkoa wetu wa Morogoro, alifariki Mombasa kwa ajali ya gari, Januari 1979. Hilo walilijua wote, hata vijana waliozaliwa miaka ishirini baada ya ajali yenyewe. Na Salum Abdallah je? Mzee mmoja akajibu haraka: naye gari, mwaka 1965. Nikauliza: walijifunzia wapi muziki? Nani aliwarekodi? Walilipwa nini? Kijiwe kikanyamaza, mazungumzo yakarudi kwenye Simba na Yanga.

Hebu tujaribu kuwaandika tukianzia upande mwingine.

Salum Abdallah alikuwa kijana wa Morogoro enzi ambazo santuri za Cuba, zile za rumba na son, zilikuwa zinaletwa Afrika Mashariki na kupigwa kwenye gramafoni za majumbani na mahotelini. Inasimuliwa kwamba alizipenda kiasi cha kutoroka kwenda Mombasa atafute meli ya kumfikisha Cuba. Hakufika. Alirudi Morogoro, na mwaka 1948 akaanzisha bendi ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Cuban Marimba. Fikiria hilo kwa utulivu. Kijana ameshindwa kuifikia Cuba, akaamua kuijenga mwenyewe chini ya milima ya Uluguru, kwa Kiswahili. Mpaka anafariki mwaka 1965, mji ule mdogo ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya dansi nchini. Uongozi wa bendi akauchukua Juma Kilaza, na muziki ukaendelea.

Mbaraka alizaliwa Juni 1944. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa ndani ya Morogoro Jazz, akiimba na kupiga gitaa la solo. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka. Mwaka 1973 akatoka na kuanzisha Super Volcano, bendi yake mwenyewe, na mtindo wake ukaitwa Masika. Watu wa Ifakara hawahitaji kuelezwa masika ni nini. Huku masika ikija vizuri bonde zima linageuka ziwa. Alipofariki alikuwa na miaka 34. Ndani ya miaka isiyozidi kumi na mitano alikuwa ameacha nyimbo ambazo mpaka leo hazijaondoka redioni, "Shida" ikiwa mojawapo.

Kuna jambo moja juu yake linalonigusa mimi kama ripota. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa na mkulima huko Isimani siku ya Krismasi mwaka 1971. Morogoro Jazz walitoa wimbo juu yake. Maana yake wanamuziki hawa walikuwa wakifanya kazi inayofanana na yetu: jambo linatokea, unalitafutia maneno, unalifikisha kwa watu. Tofauti ni kwamba taarifa za magazeti ya wiki ile zilifungia maandazi wiki iliyofuata.

Sasa njoo kwenye ile sehemu ambayo tanzia huwa haigusi kabisa, yaani wimbo ulitengenezwaje na fedha ilikwenda wapi. Enzi zile bendi ilisafiri hadi Dar es Salaam, ikaingia studio ya Radio Tanzania, ikapiga wimbo mzima kwa pamoja huku mkanda ukizunguka. Redio ilibaki na mkanda. Viwanda vya kutengeneza santuri vilikuwa Kenya, hivyo nyimbo zetu zikatoka kwa lebo za Mombasa na Nairobi. Nyimbo za Cuban Marimba zilitoka kwa lebo ya Mzuri ya Mombasa, na za Mbaraka zilitoka Nairobi kwa Polydor. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyozaa COSOTA, ni ya mwaka 1999, miaka ishirini baada ya kifo cha Mbaraka na zaidi ya thelathini baada ya cha Salum Abdallah. Baada ya Mbaraka kufariki, nyimbo zake zilitolewa upya huko huko Nairobi kwa mfululizo ulioitwa "Ukumbusho". Za Salum Abdallah zilikuja kukusanywa kwenye CD na kampuni moja ya Ujerumani. Ukitaka maelezo ya maisha na kazi ya msanii wa Morogoro, mara nyingine unapaswa kusoma kijitabu kilichochapwa Ulaya. Hilo haliwaumi?

Msidhani ni wanamuziki tu. Ndani ya basi la kutoka huku kwenda Dar nilikaa na mama mmoja mfanyabiashara, anayepeleka mchele na kurudi na vitenge. Kariakoo anaijua kama jikoni kwake. Tukazungumzia moto wa Julai 2021 ulioteketeza jengo la soko. Nikamuuliza kama anajua ni nani aliyelichora soko lile. Akaniangalia kwa mshangao. "Mwanangu, kwani lilichorwa na mtu?"

Lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda wetu. Alisomea Haifa, Israeli, akarudi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akafungua ofisi yake. Mwalimu Nyerere alilifungua soko mwaka 1975. Lile paa lake la miavuli ya zege lina akili: soko la asili la Kiafrika hukaa chini ya mti, naye akapanda miti ya zege juu ya wachuuzi. Na kila mwavuli umegeuzwa kama faneli, hivyo mvua inanaswa na kuteremshwa kwenye matangi chini. Amuli alifariki mwaka 2016. Mamilioni ya watu wamepita chini ya kivuli chake bila kujua kwamba ni kivuli cha mtu.

Kwa waigizaji ni hivyo hivyo, tena kwao kelele ni kubwa zaidi. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28, Dar ilisimama. Kwa miaka mingi baadaye tuliendelea kuandika usiku ule na kesi yake. Lakini jinsi kijana alivyoanzia Kaole, kundi la maigizo ya televisheni, mpaka akacheza filamu na Wanaijeria kama ile "Dar to Lagos", na jinsi filamu ilivyotengenezwa Bongo kwa siku chache na fedha za kuungaunga, hayo tuliyapita kwa kasi. Mwanafunzi anayetaka kuwa mwigizaji leo anaweza kukueleza kifo cha Kanumba kwa saa nzima. Mwombe akueleze kazi yake, uone kama atafika dakika tano.

Kuna mtu mmoja aliyetuonyesha njia, na alituonyesha zamani sana. Shaaban Robert hakungoja mazishi. Alimwendea Siti binti Saad akiwa bado hai, mwanamke mzee wa Unguja, muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1950, akazungumza naye. Ndiyo maana leo tuna kitabu cha "Wasifu wa Siti binti Saad". Tunajua alizaliwa Fumba, kwamba alitembeza vyungu akiuza kabla ya kuhamia mjini, kwamba alifundishwa kuimba bila kujua kusoma wala kuandika, na kwamba mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri zilizouzwa pwani nzima. Siti amekufa zaidi ya miaka sabini iliyopita, lakini ukimtaja, kinachokuja kwanza kichwani ni kazi yake. Sababu ni kwamba mtu alikwenda, akauliza.

Sasa nifike kwa mtu aliyenifanya niandike yote haya.

Hapa Ifakara, upande wa Viwanja Sitini, kuna mzee fundi baiskeli. Sitamtaja jina, hajaniruhusu. Nilikwenda kwake na baiskeli ya kuazima iliyopasuka tairi, nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Alipokuwa akitafuta tundu kwenye beseni la maji, nikasikia anaimba kwa chini. Hakuwa anaimba maneno. Alikuwa anaimba besi. Nikamuuliza. Ndipo akainua kichwa.

Alipiga besi kwenye bendi ndogo za bonde hili kuanzia enzi Wachina wanajenga reli ya TAZARA. Alinieleza jinsi walivyojifunza nyimbo za Mbaraka: redio ikiupiga leo, unadaka mwanzo tu, katikati unasubiri mpaka redio iupige tena, labda wiki ijayo, na mwenzako kazi yake ni kudaka gitaa la pili. Alinieleza kiingilio kilivyogawanywa: kwanza mwenye ukumbi, halafu mafuta ya jenereta, halafu nyuzi za magitaa, kinachobaki ndiyo cha watu saba. Alinieleza masika walivyokwama siku tisa kwa sababu barabara ilimezwa na maji, wakawa wanapiga kila usiku kwa malipo ya wali na kambale. "Tulikuwa tunaimba mtindo wa Masika, na masika yenyewe imetufunga," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Nikamuuliza Mbaraka alikuwa na nini ambacho wengine hawakuwa nacho. Hakutaja ajali hata kidogo. Akasema: "Sikiliza akimaliza mstari. Sauti ikinyamaza, gitaa linamjibu. Yule alikuwa watu wawili." Nimemsikiliza Mbaraka tangu utotoni nyumbani kwetu, na hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo. Tangu siku ile sisikii nyimbo zake kwa namna ile ya zamani.

Nikampigia mhariri wangu, gazeti tuliache. Nikamwambia nina makala ya mzee mwanamuziki wa bonde la Kilombero. Akauliza, "Anaumwa?" Nikasema hapana, mzima, anaziba pancha. "Ameomba msaada?" Hapana. "Sasa habari iko wapi?" Nikaanza kueleza habari ya redio, ya siku tisa, ya gitaa linalojibu. Akanikatisha kwa upole tu, ni mtu mwema: "Tunza hizo. Zitakuja kufaa."

Zitakuja kufaa lini? Sote wawili tulijua jibu. Siku hiyo nitapigiwa simu, nitaambiwa maneno mia tatu kabla ya saa kumi, na nitaandika kwamba ameacha pengo lisilozibika. Mzee mwenyewe hatasoma. Hatanisahihisha nikikosea mwaka. Hataniambia, "Hapana mjukuu wangu, aliyepiga ridhimu alikuwa mwingine." Wanaoweza kumkosoa mwandishi wa tanzia ni wachache, na aliyejua zaidi yao wote ndiye aliye kwenye jeneza.

Simlaumu mhariri peke yake. Gazeti linauzwa, na kifo kinauza. Kuna heshima pia katika kumlilia mtu, siidharau. Lakini wadau, kulia hakuchukui nafasi ya kuuliza. Kila mji una watu hawa: aliyepaka rangi mabango ya sinema, mama aliyeigiza kwenye michezo ya redio, fundi aliyechora ramani ya kanisa au msikiti mnaousali kila wiki, mpiga ngoma wa kikundi cha shule. Wengi hawana picha wala mkanda. Walicho nacho ni kumbukumbu, na kumbukumbu ile inatembea kwa miguu ya miaka themanini.

Kwa hiyo nimeanza mwenyewe. Jumamosi mchana, jua likiwa kali na wateja wakipungua, nakaa kwenye gogo pembeni ya beseni lake na simu yangu inarekodi. Simuulizi kuhusu umaarufu. Namuuliza nani alikufundisha, chombo kilikuwa cha nani, mlipata shilingi ngapi, nani alikuwa bora kuliko wewe, na kwa nini mliacha. Hilo la mwisho alilijibu kwa kulijaza upepo tairi la mteja, taratibu, mpaka likawa gumu kama jiwe. Nitamuuliza tena Jumamosi ijayo.

Nanyi mlio Dar, Mwanza, Nairobi, Muscat na kwingineko, mna wazee gani mitaani kwenu? Simu mnazo. Nendeni, muwaamkie, mkae.