Nilifuta Ile Video ya Alternata

Wasee, kama ulitazama video yangu ya mwezi jana, ile nimevaa ovaroli safi kama mtu anayejua anachofanya, soma hii. Na kama uliifuata, soma ukiwa karibu na gari lako.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla DX ya mzee, ya miaka ya 80, imenizidi umri mbali. Alipochoka kununua spea aliniachia funguo. Nami nikaweka muziki, kwani ningeweka nini? Amplifaya ya wati 500, spika mbili kwenye buti. Alternata ikabaki ileile ya zamani, ya ampea 60.

Hesabu yake ni rahisi, na aibu ni kwamba niliijua. Gawanya wati kwa volti upate ampea. 500 kwa 14 ni kama 36. Taa mbili za mbele za wati 55 ni karibu 8. Ongeza waipa, feni ya ndani, injini yenyewe, na betri nayo inataka kulishwa. Isitoshe, hizo 60 unazipata injini ikizunguka kwa kasi. Kwenye jam, injini ikinguruma polepole, unapata sehemu tu.

Aprili tulikuwa na matanga Murang'a, na gari langu ndilo lililopiga nyimbo mchana kutwa, injini imezimwa. Jioni tukasukumwa ndipo likawaka. Mvua ikatupata Thika Road, karibu na Githurai, jam imekwama. Waipa zikaanza kutambaa. Taa zikawa rangi ya chai. Kisha kimya, katikati ya leni, lori nyuma yetu likipiga honi. Mama akashuka kwenye mvua na tochi ya simu kuonyesha magari yapite kando. Amefiwa na dadake, na anaongoza lori kwa simu. Hakunigombanisha. Afadhali angenigombanisha.

Wiki hiyohiyo nikaenda Kirinyaga Road, ambayo sisi wote bado tunaiita Grogan, nikanunua alternata ya mtumba kutoka Japan, ampea 100, Sh7,500. Tukaongeza washa mbili ili ikae, tukakaza mkanda, nikaweka multimita: volti 14.2 injini ikiwa imewaka. Nikarekodi. "Dakika 40 na shida imeisha, na hii sikufunzwa chuo!" Mlipenda sana hiyo laini.

Siku ya 16, Waiyaki Way, nikasikia harufu kama ya ndara iliyoangukia jiko. Kufungua boneti, moshi. Waya wa kutoka alternata hadi betri ulikuwa umeyeyuka ngozi yote, shaba inaonekana. Nilifungua terminali ya betri na mkono umefungwa tisheti.

Fundi mmoja wa wairing pale Kangemi, mzee wa miwani iliyofungwa na uzi, aliangalia sekunde kumi. "Kijana, waya ulibadilisha?"

"Hapana, mzee."

"Na fyuzi yako iko wapi?"

Sikuwa nayo. Miaka ya nyuma fundi fulani aliitoa fyuzi kuu akaunganisha kipande cha waya, nasi tumekuwa tukiendesha hivyo.

Sasa sikiza, kwa sababu hapa ndipo nilikosea kwenye video. Alternata haisukumi ampea zote ilizo nazo. Inatoa zile zinazoitishwa. Ya zamani ilikuwa inashindwa mapema, na kushindwa kwake kuliulinda ule waya mwembamba. Ya 100 haikushindwa. Amplifaya na betri iliyokauka zikaitisha, ikatoa, na yote yakapita kwenye waya uliopimiwa 60. Na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto kwenye waya linaongezeka mara nne. Nilifunzwa hiyo. Nilikuwa nyuma ya darasa, na-edit video.

Na tukiwa hapo: sikuacha uhandisi wa umeme kwa sababu niliona mwanga. Karo iligoma mwaka wa pili. Kwa kamera nikasema digrii ni karatasi kwa sababu hiyo inaleta likes kuliko "babangu aliishiwa".

Mzee aliweka waya wa shaba wa milimita 25 za mraba, mfupi iwezekanavyo, fyuzi karibu na betri, na waya mwingine mnene wa ati kutoka injini hadi bodi, maana umeme unaoenda lazima urudi. Akanifunza kupima: ukiwasha kila kitu, linganisha volti za alternata na za betri. Tofauti ikiwa kubwa, waya unazila, na unazigeuza joto. Sh2,800 kila kitu, na akakataa kurekodiwa.

Video nimeifuta. Ilikuwa imeshasambazwa, na kuna jamaa wa Nakuru aliniandikia "asante bro, yangu pia ni DX, nimeweka ya 120." Nilimjibu na moto tatu za emoji. Juzi nimemwandikia mara nne na hazijasomwa. Bro, kama ni wewe unasoma, usiwashe gari. Fungua terminali ya hasi ya betri kwanza, kisha angalia DM.