Manung'uniko Yasemwe Mezani

Kanisa la mwanzo nalo lilikuwa na manung'uniko. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume yasimulia kwamba wajane wa waamini wasemao Kigiriki walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwakemea walalamikaji. Waliita jumuiya yote, nayo ikachagua watu saba, wote wenye majina ya Kigiriki. Naye Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake ya karne ya 6, amwagiza abati kuwaita ndugu wote shaurini kila litokeapo jambo kubwa. Uamuzi ni wa abati, lakini mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora.

Nasi je? Katika ofisi, shule na zahanati zetu, ni mara ngapi mfagizi ameiona hatari kabla ya mkuu, akanyamaza kwa kuwa hakuna aliyemwuliza? Aumiaye kwa ukimya huo ni mgonjwa, ni mwanafunzi, ni mjane. Juma hili, tulio wakuu tuulize, tusikilize hadi mwisho. Tulio chini tuseme mbele ya mhusika, si kwenye korido.

Tumsifu Yesu Kristo.