Sifuri Mbili

Katika kandanda, kama katika biashara, zipo kazi mbili ambazo moja haitoshi bila ya nyingine: kuzuia hasara na kutafuta faida. Mlinzi wa usiku katika soko la Kariakoo hukesha ili alfajiri mwenye duka akute kufuli mahali pake na mali yake kamili. Kazi hiyo ni ya heshima. Lakini kama mchana hapana auzaye, uaminifu wa mlinzi hautaivisha chungu cha mtu ye yote.

Kariakoo imejifunza jambo hili kwa uchungu katika mpira. Humo ndimo zilimo klabu mbili kubwa za Tanzania: Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, yenye jengo lake penye mitaa ya Twiga na Jangwani, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, yenye lake Mtaa wa Msimbazi. Watani hawa hawapatani kwa mengi, ila wana msiba mmoja unaofanana.

Msiba wa Yanga ulikuwa mwaka 2024, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Tarehe 30 Machi, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, ilitoka 0-0 na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Tarehe 5 Aprili, mjini Pretoria, ikawa 0-0 tena. Kwa dakika 180 golikipa Djigui Diarra, Mmali, pamoja na mabeki wake, hawakuruhusu hata bao moja. Ndipo zikaja penalti, na Yanga ikatolewa kwa 3-2.

Mtu akiitazama hesabu hiyo ya 0-0 ataona sifuri mbili zilizoandikwa kwa umbo moja. Lakini thamani zake hazilingani. Sifuri ya Sundowns ilikuwa jasho la Diarra na wenzake, ni utajiri. Sifuri ya Yanga ilikuwa ya washambuliaji, ni deni. Deni likaumeza utajiri, wala kitabu cha matokeo hakikuonyesha tofauti.

Haki yataka isemwe kwamba washambuliaji wale hawakuwa watu dhaifu. Msimu ule ule, tarehe 5 Novemba 2023, waliifunga Simba 5-1. Na Februari 2024 waliifunga CR Belouizdad ya Aljeria 4-0. Tena kule Pretoria shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mwamba likadunda chini. Yanga wakadai kuwa mpira umevuka mstari, na mwamuzi akakataa. Dai hilo lingali likizungumzwa vijiweni. Hata hivyo, timu ambayo kwa dakika 180 haina bao jingine ila lile la ubishi, imekwisha kuiweka bahati yake katika filimbi ya mtu mwingine.

Simba nao walikwisha kuyaonja hayo. Mwaka 1993, katika fainali ya Kombe la CAF, walikwenda Abidjan wakaizuia Stella kwa 0-0. Walinzi walirudi Dar es Salaam na mtaji mzuri. Nyumbani, mbele ya watu wao, bao halikupatikana. Stella wakafunga mawili, wakaondoka na kombe.

Aibu ya kukosa bao hugawanywa kwa wengi, nayo hupungua kila inapogawanywa. Lakini golikipa hukumbukwa kwa mpira mmoja uliompita, si kwa mingi iliyokomea mikononi mwake. Tena wenzake wakishindwa kufunga, ni yeye aitwaye kusimama peke yake kwenye penalti, alipe kwa mara ya pili alichokwisha kulipa. Basi sifa tupu hazimtoshi mlinzi hodari. Heshima anayostahili ni bao.